"Kwao Bahi hata hiyo hawaipati": Je, ni haki kumlipa mtu kwa mizani ya alikotoka?

IPO kauli moja ambayo nimeisikia mara nyingi mjini, tena vinywani mwa watu wa swala tano. Ukimuuliza mtu anamlipa kiasi gani dada wa kazi nyumbani kwake, au kijana anayemlindia duka usiku, hutaja kiasi kidogo, kisha haraka haraka huongeza: "Lakini huyu ametoka Bahi huko, Dodoma. Kwao hata hiyo hawaipati." Baada ya hapo mazungumzo huisha. Kila aliyepo hutikisa kichwa kukubali, kana kwamba imesomwa aya.

Katika makala hii nataka tuichunguze kauli hiyo. Ndani yake yamo madai mawili. Dai la kwanza ni la hesabu: kwamba kipato cha mtu wa Bahi ni kidogo lakini maisha ya huko ni rahisi, kwa hiyo fedha ambayo mjini ni ndogo kwake yeye ni nyingi. Dai la pili ni la uadilifu: kwamba kwa kuwa kwao hupata kidogo, si dhulma kumlipa kidogo hapa. Dai la kwanza lina nusu ya ukweli. La pili, kwa mtazamo wangu, ni batili, na hoja za kulibatilisha zimo ndani ya dini yetu wenyewe. Tuyaangalie moja baada ya jingine.

Ni kweli maisha ya Bahi ni rahisi?

Kwa asiyeifahamu, Bahi ni wilaya ya Mkoa wa Dodoma iliyozaliwa mwaka 2007 kutokana na iliyokuwa Wilaya ya Dodoma Vijijini. Iko magharibi mwa jiji la Dodoma, kwenye barabara kuu iendayo Manyoni na Singida, na Reli ya Kati inapita humo humo. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta huko watu 221,645. Wengi wao ni Wagogo, wakulima na wafugaji. Hulima uwele, mtama, karanga, ufuta na alizeti, na katika bonde lenyewe la Bahi, ambako maji ya Mto Bubu huishia kwenye kinamasi, hulima mpunga. Mvua ya nyanda hizi ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba au kabla kidogo hadi Aprili, na ikikatika Februari mazao yakiwa hayajakomaa, mwaka huo umeharibika.

Sasa anayesema maisha ya Bahi ni rahisi ana mambo ya kweli anayoyaona. Mwenyeji wa Bahi halipi kodi ya chumba; nyumba ni yake, hata kama ni ya tembe. Kuni anaokota, mlenda anachuma, unga wa uwele unatoka ghalani mwake. Hana nauli ya daladala mbili kwenda kazini na mbili kurudi. Hana mwenye nyumba anayemgongea mlango akitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mtu wa Temeke au Manzese akiyatazama hayo ana haki ya kuona wivu kidogo.

Lakini hesabu haiishii hapo. Sukari, sabuni, chumvi ya dukani, betri, dawa, daftari za watoto, bati na saruji haviotoki Bahi. Vingi katika hivyo vinatoka Dar es Salaam, na kila kilometa ya barabara inaongezwa kwenye bei. Tena masikini wa kijijini hanunui kwa katoni. Hununua mafuta ya kula kwa kipimo na sabuni kwa kipande, na kila mwenye duka anajua kwamba anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila kilo. Mtoto akiugua ugonjwa wa kumshinda mganga wa zahanati, gharama si dawa peke yake. Kuna bodaboda hadi barabarani, basi hadi Dodoma mjini, na chakula cha mama anayemuuguza huko. Mtu wa mjini ana hospitali ya rufaa kwa nauli ya daladala. Gharama hiyo haionekani katika bei za soko la Bahi, lakini ikija huondoka na ng'ombe.

Na hata chakula chenyewe, urahisi wake una saa zake. Nafaka ya Bahi ni rahisi baada ya mavuno, wakati ambapo mkulima ndiye muuzaji, tena ana madeni ya kulipa na ada ya shule inamsubiri. Ikifika Januari na Februari, ghala limekauka na mvua ndiyo kwanza inanyesha, yule yule aliyeuza ndiye anayerudi sokoni kununua, na bei si ile. Aliuza rahisi, ananunua ghali. Kwa hiyo tunaposifia kwamba mchele wa Bahi ni wa bei poa, tukumbuke kwamba bei hiyo poa ndiyo kipato cha kaya ya aliyeulima. Urahisi tunaousifu sisi na ufukara anaoulalamikia yeye ni kitu kimoja kilichoandikwa pande mbili za karatasi.

Historia ya Ugogo ina funzo kubwa katika hili. Kati ya mwaka 1917 na 1920 ilitokea njaa ambayo wazee wa huko waliiita Mtunya. Ukame ulikuwepo, lakini ukame peke yake Wagogo walikuwa wakiujua na walikuwa na njia za kuuvuka: akiba ya nafaka, na mifugo ya kubadilisha kwa chakula. Safari hiyo majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikuwa yamekwisha chukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Mvua ilipokosekana, hapakuwa na cha kukimbilia. Kaya ambayo kwa macho ya mpita njia haina gharama yoyote, kwa hakika inaishi hatua moja tu kutoka kwenye msiba, kwa sababu haina akiba ya fedha.

Takwimu zinasemaje?

Tusije tukaambiwa kwamba haya ni maneno matupu. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2011/12 kwa Tanzania Bara ulionesha kuwa waliokuwa chini ya mstari wa umasikini wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 4.1 Dar es Salaam, asilimia 21.7 katika miji mingine, na asilimia 33.3 vijijini. Utafiti wa 2017/18 uliweka mstari huo kwenye Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, ukakuta asilimia 26.4 ya watu wote wako chini yake: mijini asilimia 15.8, vijijini asilimia 31.3.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba wataalamu wanapokokotoa asilimia hizi huwa wamekwisha rekebisha hesabu kwa kuzingatia tofauti za bei kati ya eneo na eneo. Maana yake, urahisi wa maisha ya kijijini umekwisha kuhesabiwa ndani. Lau ingekuwa kweli kwamba bei ndogo za kijijini zinafidia udogo wa kipato, asilimia hizi zingelingana. Hazilingani, ya vijijini ni karibu mara mbili ya ile ya mijini. Dai la kwanza, basi, limebaki na ile nusu yake ya ukweli: bei kadhaa ni ndogo, lakini kipato ni kidogo zaidi kuliko udogo wa bei.

Wanazuoni walikwisha kulipima jambo hili

Wengi wetu hudhani kulinganisha kipato na gharama za maisha baina ya miji ni elimu iliyoletwa na wachumi wa Ulaya. La hasha! Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, analo fasili zima kuhusu bei za miji. Anaeleza kwamba katika kila mji mapato na matumizi huelekea kwenda pamoja: mji mkubwa ukizidisha mapato, na matumizi huzidi. Akalinganisha kadhi wa Fas na kadhi wa Tilimsani, mfanyabiashara kwa mfanyabiashara, fundi kwa fundi. Akafika mpaka kwa ombaomba: wa Fas aliwaona wakiomba thamani ya mnyama wa kuchinja siku za Idi, jambo ambalo ombaomba wa Tilimsani au Wahran akilithubutu atakemewa. Kisha akaeleza kwa nini mtu wa bara hupata taabu kuhamia mji wenye watu wengi: mapato aliyozoea hayatoshi matumizi ya mji. Aliyemleta binti kutoka Bahi hadi Kariakoo na asome hapo mara mbili.

Kabla yake, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake ndivyo vinavyosomwa na Mashafii wa pwani yetu, alieleza nani fakiri na nani masikini katika wale wanaostahiki zaka (9:60). Mfano wanaoutoa wanazuoni wa madhehebu hiyo ni wa mtu anayehitaji kumi. Akiwa anapata mbili au tatu, huyo ni fakiri. Akiwa anapata saba au nane, huyo ni masikini. Angalia vizuri: hawakutaja kiasi cha fedha. Walitaja uwiano baina ya anachopata mtu na anachohitaji. Kwa mizani hiyo, mwenye laki tatu Dar es Salaam, ana watoto watano na amepanga, anaweza kuwa masikini, na mwenye laki moja mahali pengine asiwe. Hapo mtu wa mjini atashangilia. Asishangilie mapema.

Kwa maana wapo waliokwenda mbele zaidi. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, katika kitabu chake kuhusu hukumu za utawala, alizungumzia namna ya kukadiria posho ya askari. Akasema kipimo ni kutosheka, na akataja mambo matatu ya kutazamwa: idadi ya watu anaowalisha, idadi ya farasi na wanyama anaowatunza, na mahali anapokaa, kama ni pa ghali au pa rahisi.

Mahali anapokaa. Hakusema mahali alikozaliwa, wala walikobaki wazazi wake. Neno hili dogo ndilo linaloamua mgogoro wetu. Ni sawa kabisa ujira utofautiane kati ya mji na mji kwa sababu ya gharama. Lakini mtu hubeba gharama za pale alipo. Binti akishashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, sabuni anayooga, vocha ya simu, nguo, dawa ya kichwa, nauli ya kwenda kumsalimia dada yake Mbagala, vyote atavinunua kwa bei ya Dar es Salaam. Hakuna muuza duka atakayempunguzia kwa kuwa ametoka Bahi.

Na kwa yule wa kwanza katika orodha ya Al-Mawardi, yaani watu anaowalisha, mambo ni mazito zaidi. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka Sh 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa kaya ya kawaida anayelala kwa mwajiri. Viwango vya sekta binafsi vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026, lakini sote tunajua zipo nyumba ambazo hata ile elfu sitini ni ndoto. Chukua ule mstari wa umasikini wa 2017/18, uuzidishe kwa watu watano tu waliobaki nyumbani kwao, unapata Sh 246,600 kwa mwezi, na hiyo ni kwa bei za wakati ule. Kijana yule hakuja mjini kutembea. Amekuja kwa sababu mvua ilikatika na nyumbani wanamtazama yeye.

Hoja ya mkoloni

Kauli ya "kwao hata hiyo hawaipati" ina ukoo wake. Wakati wa ukoloni, ujira wa Mwafrika mjini ulikadiriwa kwa mtu mseja. Hoja ilikuwa kwamba mke na watoto wako kijijini, wana shamba, wanajilisha. Ya nini kumlipa huyu wa kulisha familia? Kwa hoja hiyo shamba la mwanamke wa kijijini likawa linamlipia mwajiri sehemu ya mshahara bila yeye kujua. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliligomea jambo hili mara kwa mara, na mgomo wao wa mwaka 1947 ukasambaa kwenda bara kwa kufuata reli. Huko Kenya, mwaka 1954 kamati ya serikali ya mkoloni yenyewe, maarufu kwa jina la mwenyekiti wake Carpenter, ilipendekeza kuachana na mshahara wa mseja na kuelekea mshahara wa mtu mwenye familia.

Weusi wa Marekani nao waliyaonja ya aina hiyo. Kati ya mwaka 1910 na 1970 kiasi cha watu milioni sita waliyahama majimbo ya Kusini kwenda Chicago, Detroit, New York na kwingineko, wakifuata mishahara mikubwa na kukimbia ubaguzi. Mishahara waliikuta. Lakini huko Chicago walibanwa katika mitaa michache ya upande wa kusini wa mji, wakapangishwa vyumba vibovu kwa kodi kubwa kuliko waliyolipa Wazungu kwa vyumba vizuri zaidi. Aliyewaangalia kwa tarakimu za mshahara tu alisema wamefanikiwa. Aliyeangalia na kodi aliona mkono mmoja unapewa na mwingine unanyang'anywa. Tangu miaka ya 1970 wengi katika wajukuu wao wamekuwa wakirudi Kusini, Atlanta na kwingineko.

Swali la kujiuliza hapa: iweje sisi ambao tunamlaani mkoloni kwa kumpimia babu yetu ujira wa mseja, leo tunampimia binti wa Bahi kwa kibaba kile kile, na maneno yale yale, "kwao wana shamba"?

Mizani mbili katika nyumba moja

Ndugu msomaji, hebu tumtazame mwajiri huyo huyo akiwa kazini kwake. Akidai nyongeza ya mshahara anaorodhesha nini? Kodi ya nyumba, luku, nauli, ada, bei ya nyama. Anasema, na anasema kweli, kwamba mshahara hautoshi kwa maisha ya Dar es Salaam. Serikali ilipotangaza Mei Mosi ya mwaka 2025 kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000 kuanzia Julai, alishukuru, lakini akaongeza kwamba kwa maisha haya bado. Jioni akirudi nyumbani, na mwisho wa mwezi umefika, anamlipa aliyemfulia, aliyempikia na aliyewalea watoto wake siku thelathini. Hapo ghafla maisha ya Dar es Salaam hayapo tena. Zimekuja bei za uwele wa Bahi.

Akidai, anatumia mizani ya mjini. Akilipa, anatumia mizani ya kijijini. Jambo hili lina jina katika Qur'an. Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza kwa kuwaonya kwa adhabu kali wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Tumezoea kuisoma sura hii tukimfikiria muuza sukari mwenye mizani mbovu. Lakini ujira nao ni kitu kinachopimwa, na jasho la mtu ni bidhaa yake. Nabii Shuaybu (AS) aliwakataza watu wake wasiwapunguzie watu vitu vyao (7:85), wala hakusema nafaka peke yake.

Na kwa mfanyakazi anayeishi nasi, Mtume (SAW) hakutuachia nafasi ya kubabaika. Katika hadithi ya Abu Dharr (RA) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, amefundisha kwamba hawa ni ndugu zetu ambao Allah amewaweka chini ya mikono yetu. Tuwalishe katika tunachokula, tuwavishe katika tunachovaa, tusiwabebeshe yasiyo ya uwezo wao, na tukiwabebesha tuwasaidie. Kipimo kilichotajwa ni sahani ya mwenye nyumba. Hakuulizwa mtumishi kwao walikuwa wakila nini. Wala haki hii haibagui dini. Binti wa Kigogo aliyetoka katika nyumba ya Kikristo ana haki hiyo hiyo, kwani uadilifu tumeamrishwa kwa watu wote (5:8, 60:8).

"Lakini amekubali mwenyewe"

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo si haki kuipuuza. Watasema: ijara ni mkataba wa maridhiano, na huyu ameridhia. Watasema tena: mimi mwenyewe mshahara wangu ni mdogo, nikilazimishwa kulipa zaidi nitamwacha, naye atarudi Bahi mikono mitupu. Je, si bora elfu arobaini kuliko sifuri?

Kuhusu maridhiano, ni kweli ni nguzo ya mkataba. Lakini mafaqihi hao hao, mkataba unapoharibika au ujira usipotajwa, hurejea kwenye ujira wa mfano, yaani kile anacholipwa mwingine kwa kazi kama ile, na huo hutazamwa mahali kazi inapofanyika. Mwenye kuridhia kwa sababu nyuma yake kuna njaa ameridhia kwa ulimi. Mkataba wake unaweza kusimama mbele ya hakimu wa duniani. Mbele ya Hakimu wa mahakimu kuna swali jingine. Imepokewa na Bukhari kwamba miongoni mwa watatu ambao Allah (SW) mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake.

Kuhusu asiye na uwezo, huyo ana udhuru wa kweli, nami simhukumu. Mwalimu mwenye watoto watatu hawezi kulipa kama balozi. Lakini udhuru wake uitwe kwa jina lake. Aseme: "Nakulipa kidogo kwa sababu sina." Asiseme: "Nakulipa kidogo kwa sababu ya kwenu." La kwanza linamfanya apunguze kazi, atoe siku ya mapumziko, aongeze pale Allah anapomfungulia. La pili linamlaza usingizi, na hata akipandishwa cheo mara tatu, mshahara wa binti unabaki pale pale, kwa sababu Bahi haijahama. Hiyo ndiyo tofauti baina ya uchache na dhulma.

Mizani ya ndugu wa kijijini nayo

Uadilifu unataka tuseme na upande wa pili. Ndugu zetu walioko Bahi nao wana mizani yao isiyo sawa. Wakisikia mtoto wao analipwa laki tano mjini, huipima kwa bei ya kijijini na kuona utajiri. Ndipo huja simu za michango, ada, bati na matanga, na akisema hana huambiwa mji umembadilisha. Hawaoni kodi ya chumba na sebule, hawaoni dumu la maji linalonunuliwa, hawaoni kwamba hata mchicha una bei. Watumishi wawili wa umma wa daraja moja, mmoja Bahi na mwingine Ilala, mshahara wao ni ule ule, lakini maisha yao si yale yale. Ukarimu wa ndugu ni ibada, lakini kumdai mtu kwa kipimo cha mahali asipokaa ni kosa lile lile, limegeuzwa tu.

Tufanye nini?

Kwanza, kila mwenye mfanyakazi akae na karatasi, aandike gharama anazozitaja anapodai mshahara wake mwenyewe, kisha ampimie mfanyakazi wake kwa orodha hiyo hiyo kadiri ya uwezo. Wala asidhani kwamba zaka ya Ramadhani inaziba pengo. Ujira ni deni, na zaka haitumiki kulipia deni unalodaiwa wewe. Anayempa dada wa kazi zaka mkono mmoja huku ameshika mshahara wa miezi miwili kwa mkono wa pili amejidanganya mwenyewe. Na hapa nazungumzia watu wazima; mtoto mahali pake ni darasani.

Pili, wafanyabiashara wetu wanaofuata mpunga na alizeti huko wakumbuke lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, na Wakala wa Vipimo huikamata, lakini kabla ya Wakala ipo sura ya 83. Gunia lililoshonewa kilemba juu ni debe zima la mtu mwingine. Ukitaka kujua kwa nini binti yule ameletwa mjini kutafuta kazi, huenda sehemu ya jibu imo ndani ya kilemba kile.

Tatu, wapo Waislamu wa Dodoma mjini na Dar es Salaam wenye mashamba ya mpunga na mifugo huko. Zaka ya mazao na mifugo hiyo, ikifikia nisabu, mahali pake pa kwanza ni pale pale ilipotoka. Mtume (SAW) alipomtuma Muadh bin Jabal (RA) Yemen alimfundisha kwamba zaka huchukuliwa kwa matajiri wao na kurejeshwa kwa mafakiri wao. Wanazuoni wetu wa Kishafii wakashikilia kwamba haihamishwi maadamu wastahiki wapo. Mchele unaosafirishwa kuja mjini wote, pamoja na fungu la mafakiri wa Bahi ndani yake, haujatakasika.

Leo treni ya umeme, ambayo tangu mwaka 2024 inawafikisha watu Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache, imezikaribisha sehemu hizi mbili kuliko wakati wowote. Watu watazidi kwenda na kurudi, na kulinganisha kipato cha huku na cha kule hakutakwisha. Tulinganishe, maana kulinganisha si haramu. Lakini kwanza tuhakikishe mizani tuliyoishika ni moja, ya kudai na ya kulipa, kwani Siku itakapowekwa Mizani ya haki hakutaulizwa binti yule alitoka wilaya gani.

Wabillahi tawfiq.